Ndege Namba 124

Mwanamuziki wa sinthi-popu, yaani popu ya vinanda vya umeme, asiye na kundi wala meneja ni bendi nzima iliyovaa shati moja. Mimi ndiye niliyekuwa mwimbaji, mpiga kinanda, fundi wa nyaya na mchukuzi. Bendi ikigombana, nilinuna peke yangu.

Baada ya mwaka mzima wa kutunga nikiwa na hedifoni masikioni, nilipata dakika 20 za jukwaani, kabla ya wasanii ambao watu walikuja kuwaona. Nilipanga nyimbo nne: tatu za kuchezeka, na ya mwisho ya huzuni. Mpenzi ameondoka, kunapambazuka, ndege wanaimba wala hawana habari na msiba wangu. Niliamini watu watalia. Nilishajizoeza hata namna ya kuinamisha kichwa wakati wanalia.

Siku mbili kabla ya onyesho, kompyuta iliyobeba bendi yote ikazima, isiwake tena. Rafiki akaniazima sikwensa ya zamani, boksi la kijivu lenye kioo kisichozidi kidole. Kazi yake ni kukumbuka wimbo na kuiamrisha sinthesaiza, yaani kinanda chenyewe cha umeme, kwa waya wa MIDI, lugha ambayo mashine za muziki zinasemezana tangu 1983. Haipeleki sauti, inapeleka amri tu: piga noti hii, iache, sasa badilika uwe sauti namba fulani. Namba zenyewe zinatoka kwenye orodha ya General MIDI ya 1991, yenye sauti 128. Ya kwanza ni piano. Huko mkiani, ambako nadhani waandishi wa orodha walishachoka, kuna mawimbi ya bahari 123, ndege 124, simu inayoita 125, helikopta 126, makofi 127 na bunduki 128.

Namba zangu zote zilikuwa daftarini. Nikakesha nazihamisha. Saa nane usiku nikajaribu nyimbo tatu za mwanzo, zikatoka safi. Ya nne nikasema aa, namba ni namba, nikalala.

Kumbe daftari langu lilihesabu kuanzia 1 hadi 128, na ile sikwensa inahesabu kuanzia 0 hadi 127. Kila sauti niliyoandika ilikuwa imesogea hatua moja mbele. Sikugundua kwa sababu orodha ile huwakalisha ndugu pamoja: fidla zangu za 49 zilihamia 50, ambazo nazo ni fidla, na besi ya 39 ikawa 40, pacha wake ambaye hata mama yao angemkosea jina. Mkiani, lakini, hakuna undugu.

Nyimbo tatu zikapita vizuri. Taa zikafifizwa. Nikafumba macho, nikabonyeza, nikawangoja ndege.

Simu ikaita.

Nikafumbua macho na kumtazama mtu wa safu ya mbele kwa jicho la kumuumbua. Maskini akaanza kujipapasa mifukoni. Jirani yake naye akapekua mkoba. Ikaita tena, safari hii kwa sauti nzito kama simu yenye mafua, kisha nyembamba, kisha simu nne kwa pamoja, kwa mpangilio wa huzuni nilioutunga mwenyewe. Hapo ukumbi mzima ukaelewa, na mimi nikawa wa mwisho.

"Kaka, si upokee?" mtu akasema kutoka nyuma.

Mwenye akili angezima kila kitu. Mimi nilishavuta pumzi. "Umeondoka bila neno," nikaimba. Simu ikaita. "Na tangu siku ile sijasikia kutoka kwako." Ikaita tena, kwa bidii.

Nikanyoosha mkono nikairudisha sinthesaiza kwenye ndege. Walilia sekunde chache tu, kwani kila sehemu mpya ya wimbo sikwensa ilituma amri yake upya, nayo haikuniuliza. Beti la pili, nilipoimba kwamba nimekaa ufukweni nasikiliza bahari, ndege wangu wakafika. Wengi, wenye furaha, waliochelewa. Fundi wa sauti aliinamia meza yake, mabega yakitikisika.

Sasa niungame jambo. Mwisho wa wimbo nilikuwa nimeficha makofi ya mashine, kwa sauti ya chini, ili kuwachokoza wenye haya wapige. Namba 127. Nilikumbuka hilo nikiwa kwenye mstari wa mwisho, nikahesabu kwa vidole juu ya maikrofoni: mia na ishirini na saba, ongeza moja. Nikairukia plagi huku nikiimba "na sasa moyo wangu umekoma."

Pa!

Bunduki ya General MIDI haimtishi mtu, inalia kama puto. Lakini ilianguka palepale, kisha kimya, nami nimelala juu ya nyaya nimekumbatia plagi. Makofi niliyopigiwa sijapata tena mpaka leo.

Onyesho lililofuata nilikuwa nimepunguza moja kwenye kila namba. Ndege waliimba alfajiri, bahari ikavuma pake. Baadaye mama mmoja aliyekuwepo mara ya kwanza alinifuata nyuma ya jukwaa, akanishika bega kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Simu imeharibika?"