Wao wana friza, sisi tuna karai

Jamaa zangu wakija kunitembelea hapa Uholanzi, kinachowashangaza kuliko baridi ni watu kula samaki mbichi barabarani. Ikifika Juni, msimu wa haring mpya, samaki mdogo wa bahari za huku kaskazini, utamkuta mzee wa heshima zake kasimama kibandani, kamshika samaki mkia, kamrashia kitunguu kilichokatwakatwa, kainua kichwa, na nusu ya samaki imeshakwenda. Katiwa chumvi kidogo tu, moto hajauona.

Wageni wangu hukunja uso. Mimi huwatetea Waholanzi, maana hawa waliumwa wakajifunza. Miaka ya 1950 watu walianza kushikwa na tumbo kali baada ya kula haring, wengine wakapasuliwa bila daktari kujua anatafuta nini. Mwaka 1960 mtafiti van Thiel akaandika kuhusu mhalifu: mnyoo wa jamii ya Anisakis, mweupe, mwembamba, sentimita 2 hadi 3. Hukaa kwenye matumbo ya samaki, na samaki akichelewa kutumbuliwa, mnyoo anaweza kuhamia kwenye nyama. Ukimmeza akiwa hai, hujichimbia kwenye ukuta wa tumbo lako. Mwaka 1968 sheria ikaamuru haring agandishwe, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, ndipo auzwe wa kuliwa mbichi. Ugonjwa ukabaki wa nadra.

Sisi kinga yetu ni karai. Pale soko la samaki la Feri, Dar, samaki akitoka mnadani anaparuliwa, anatumbuliwa, anachanjwa ubavuni na kuzamishwa kwenye mafuta yanayochemka mpaka mapezi yanakuwa kama bisi. Mnyoo gani atatoka humo? Nyuzi 60 tu, dakika moja, zinammaliza.

Kinachonikera ni huu mtindo wa baadhi ya hoteli za pwani: samaki mbichi kaloweshwa ndimu, anasifiwa kuwa katoka baharini leo leo. Ndimu haimuui mnyoo huyu, siki haimuui, pilipili ndiyo kabisa. Tena samaki akiwa wa leo, mnyoo naye ni wa leo, ana nguvu zake! Tumeiga sahani, friza tumeiacha Ulaya. Na kwa umeme wetu huu wa kukatikakatika, friza inayoyeyuka kila jioni nayo utaiamini vipi?

Ukikuta samaki mbichi kwenye menyu, muulize mpishi aligandishwa nyuzi ngapi, kwa muda gani. Akikujibu kwa fahari kwamba hajawahi kuona friza, agiza wa kukaanga.