Usile kwa saa sita, au kuanzia saa sita usiku?

Mzee alikuwa namba kumi na nne kwenye orodha. Alikula ugali na dagaa saa moja jioni, akaambiwa asile wala asinywe kitu kuanzia saa sita usiku. Saa nane mchana bado alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha kamera ya tumbo, kofia mkononi, jasho jembamba linamtoka usoni ilhali feni ilikuwa inampuliza. Nilipomchoma kidole, sukari ilisoma 3.2, imeshuka chini ya kawaida. Kumbe asubuhi alimeza glibenklamidi, dawa yake ya kushusha sukari, kama kawaida, tena kavu, bila maji.

"Nilikatazwa chakula, sista. Dawa hawakunikataza."

Hakuna aliyemdanganya. Alipewa sentensi ileile ambayo sisi wauguzi tumeipokea kwa waliotutangulia na tunawaachia wanaotufuata: usile wala usinywe chochote kuanzia saa sita usiku. Nimeitamka mara nyingi mno mimi mwenyewe. Siku hizi sina raha nayo, ingawa siwezi kusema ni ya kijinga.

Tuanze na wanaoitetea, maana wana hoja nzito. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alieleza habari za wajawazito 66, kati ya zaidi ya 44,000, ambao yaliyomo tumboni yaliwaingia mapafuni wakiwa kwenye nusukaputi. Wawili walikufa kwa kukabwa na chakula kigumu. Hofu hiyo ndiyo iliyoota mizizi mahospitalini, na kwenye kipimo cha kamera ina mantiki ileile: koo limetiwa ganzi, pengine mgonjwa amechomwa dawa ya kumsinziza, mpira unapita pale pale chakula kinapoweza kurudi. Ukiongeza kwamba daktari haoni kidonda kilichofunikwa na wali wa jana, unaelewa kwa nini mkuu wa chumba anataka tumbo tupu.

Na wagonjwa wetu wengi huja wamechelewa. Saratani ya koo la chakula inalisumbua sana eneo hili la Afrika, kuanzia Kenya kupitia Tanzania hadi Malawi. Mtu anafika akiwa anameza uji tu, na juu ya pale palipobana kumejaa chakula. Mwingine mlango wa kutokea tumboni umezibwa na kidonda cha miaka mingi, anatapika leo maharage aliyokula juzi. Mwenye kisukari cha muda mrefu naye tumbo lake linaweza kuwa zito kusukuma chakula. Kwa watu hawa saa sita za kufunga hazitoshi, na hata kuanzia usiku wa manane huenda kusitoshe.

Kuna na sababu ambayo haimo vitabuni: foleni. Orodha yetu haitulii. Anakuja mtu anatapika damu, anapita mbele ya wote. Namba tatu hakutokea, namba saba anaitwa mapema. Kama namba saba alikunywa uji saa moja asubuhi akijua zamu yake ni mchana, nafasi imepotea. Ukiwaambia wote kitu kimoja, unaweza kumwita yeyote wakati wowote.

Sasa upande wa pili. Chama cha madaktari wa nusukaputi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 1999, na matoleo yaliyofuata hayakuigeuza namba ya maji: kwa mtu asiye na tatizo la kuchelewa kusaga, mlo mwepesi uishe saa sita kabla, mafuta na nyama vipewe muda mrefu zaidi, lakini maji na vinywaji vinavyopitisha mwanga viruhusiwe hadi saa mbili kabla. Maji hayakai tumboni. Nusu ya bilauri huwa imeshapita ndani ya dakika kumi hadi ishirini hivi. Na tumbo la aliyefunga si kavu hata kidogo, linaendelea kutoa tindikali na kupokea mate, kwa hiyo tunayemkausha ni mgonjwa.

Ukavu huo naukuta kwenye mkono wake. Mishipa inajificha, nachoma mara tatu kutafuta njia ya sindano, mama wa watu ananiangalia kana kwamba nimejifunza kazi jana. Kichwa kinamgonga kwa kukosa chai. Ukimpa dawa ya kusinzia, presha inashuka kuliko ulivyotegemea.

Kwenye kipimo cha utumbo mpana sentensi yetu inajipinga yenyewe. Dawa ya kusafisha utumbo, ambayo mara nyingi hufika lita nne, husafisha vizuri zaidi ikigawanywa: nusu jioni, nusu asubuhi ya siku ya kipimo, ikamalizika si chini ya saa mbili kabla. Mtu aliyekatazwa kunywa kuanzia saa sita usiku atainywaje hiyo nusu ya pili? Anaimaliza yote jioni, anaharisha usiku kucha, kisha anakaa bila tone la maji hadi zamu yake. Ultrasaundi ya nyongo inataka mtu asile kwa sababu chakula kinaufanya mfuko wa nyongo ujikunje, lakini maji hayana kosa. Na kwenye kipimo cha pumzi au cha choo cha kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo, swali la maana zaidi ni kama mgonjwa ameacha omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, wiki mbili na antibaiotiki wiki nne. Tukisahau kuuliza hilo, majibu yanaweza kusema hana bakteria kumbe anaye, hata kama alifunga vizuri kiasi gani.

Halafu kuna lugha yenyewe. "Saa sita" kwa Kiswahili ni muda, na ni wakati, na huo wakati ni mara mbili kwa siku. Mama mmoja aliambiwa kwa simu asile "kuanzia saa sita", miadi yake ni saa nane mchana. Saa tano asubuhi akanywa uji wa ulezi, tena akiwahi, asipitishe muda. Alirudishwa nyumbani na nauli yake imekwenda. Ndiyo maana huku wodini tunasema "masaa" tukimaanisha muda, walimu wa lugha wanune wapendavyo. Na neno "kufunga" nalo lina mzigo wake: mtu aliyezoea Ramadhani akiambiwa afunge, anajua hata maji hayashuki, na dawa ya presha ataiacha.

Kwangu mimi, chakula kizuiwe kuanzia saa sita usiku kwa wote wa asubuhi, maana hakuna anayeumia kwa kutoamka usiku kula. Maji ni jambo jingine. Anayemeza kwa shida, anayetapika chakula cha jana na mwenye kisukari cha miaka mingi wapewe maelekezo yao peke yao baada ya daktari kuwaona. Waliobaki wanywe maji, au chai ya rangi isiyo na maziwa, hadi saa mbili kabla. Hoja ya foleni naikubali nusu. Saa tatu asubuhi muuguzi yeyote akitazama orodha anajua namba kumi na nne hataingia kabla ya mchana. Anachohitaji ni ruhusa ya kwenda kwenye benchi na kumwambia, "Baba, kunywa kikombe hiki sasa hivi, kisha basi." Mwenye kisukari, kwa nini awe namba kumi na nne?

Mzee tulimtundikia dripu ya glukosi, sukari ikapanda, akaingia. Alipuliziwa ganzi kooni tu, hakutaka kusinzishwa. Alipotoka, neno la kwanza lilikuwa maji, na nilipaswa kumnyima tena, maana koo lenye ganzi hupitisha maji njia isiyo yake. Ilipopita kama saa moja nikamshikisha kikombe, nikamwambia aanze na funda moja dogo. Alimeza, akakohoa kidogo, akatulia.

"Sasa ni saa ngapi, sista?"

"Saa kumi kasorobo."

Akaweka kikombe chini, akaanza kuhesabu kwa vidole tangu ugali wa jana.