Damu ya Mzee Begani

Mara moja kwa mwezi, Ijumaa usiku, sebule ya binamu yangu hugeuka kambi. Buti zimesimama mlangoni, begi la kijani limekalia kochi, na mwenyewe yuko chini ya taa akisugua velkro ya begani kwa mswaki mkuukuu ili nembo ishike vizuri. Siku za kazi huvaa kofia ya karatasi na kumpa daktari mpasuaji vyombo katika hospitali ya raia. Wikendi hiyo moja kazi ni ileile, ila ndani ya hema, na cheo chake ni sajini katika hospitali ya jeshi la akiba la Marekani.

Kiswahili ndicho kilichomwingiza. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilifungua mlango kwa wageni wa aina mbili, wataalamu wa tiba na wasemaji wa lugha fulani, na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha ya lugha hizo. Yeye, mtoto wa Mombasa aliyekwenda kusoma, aliupita kabla haujafungwa. Kazi ya chumba cha upasuaji alifundishwa baadaye, Fort Sam Houston kule San Antonio, ambako karibu kila askari wa tiba hupitia.

Siku moja nikamwuliza ile nembo maana yake nini. "Kaka, ni ya kubandika tu," akanijibu, na mswaki ukaendelea. Jibu hilo ndilo lililonichokoza.

Kumbe anavaa nembo mbili, na hazisemi jambo moja. Ile ya kitambaa ya bega la kushoto si ya hospitali yake. Ni ya wakubwa, yaani brigedi au kamandi inayoisimamia, kwa sababu vikosi vidogo kwa kawaida havipewi nembo ya bega ya kwao. Kwa hiyo hospitali ikihamishiwa chini ya brigedi nyingine, watu ni walewale, hema ni lilelile, lakini bega linabadilika. (Bega la kulia ni habari nyingine. Hapo hukaa nembo ya kikosi uliyekwenda nacho vitani, na hiyo haibanduliwi na mtu.) Nembo ya pili ni beji ndogo ya chuma ya sare ya heshima, na hiyo ndiyo ya hospitali yenyewe. Huchorwa na taasisi ya jeshi ya nembo iliyopo Fort Belvoir, Virginia, na kila alama ndani yake huwa na maelezo: ua hili ni Ufaransa, msalaba huu ni matibabu, mstari huu ni vita fulani. Rangi kuu ni mbili, nyeupe na ile ambayo sisi huiita damu ya mzee. Aliyezichagua rangi za idara ya tiba hakuwa anajua Kiswahili, lakini hata angekijua asingechagua vizuri zaidi.

Sehemu moja walikosea, nami siwezi kupita bila kuitaja. Tangu 1902 maafisa wa tiba wa jeshi hilo huvaa kwenye kola fimbo yenye mabawa na nyoka wawili. Fimbo hiyo ni ya Herme, tarishi wa miungu ya Wagiriki, mlinzi wa wafanyabiashara na, samahani, wa wezi pia. Fimbo ya mganga Asklepio ina nyoka mmoja tu na haina mabawa. Hiyo ndiyo iliyo kwenye bendera ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo waliyovaa matabibu wa jeshi la Uingereza miaka yote. Wamarekani wenyewe wanalijua kosa, maana nembo ya idara yao nzima ya tiba ina nyoka mmoja. Kwenye kola wamebaki wawili, mazoea yana taabu.

Lakini hilo ni dogo. Kilichonikera ni nasaba.

Jeshi la Marekani huandika nasaba ya kila kikosi kama sisi tunavyohesabu ukoo: fulani bin fulani bin fulani. Cheti hutolewa na wanahistoria wa jeshi mjini Washington, na kina lugha yake. Kikosi "kinaundwa" siku kinapopewa jina na nambari kwenye karatasi. "Kinaamshwa" siku kinapopata watu. "Kinalazwa" watu wakitawanywa, na kinaweza kulala miaka thelathini kisha kikaamshwa jimbo jingine kabisa, na watu ambao hawakuwahi hata kusikia habari za wale wa kwanza. Hawa wapya watarithi bendera, tepe za vita zinazofungwa juu ya mti wake, na beji. Kwa upande mwingine, chukua watu waliofanya kazi pamoja miaka kumi, wapewe nambari mpya, kwenye karatasi wao ni watoto wachanga. Nasaba inafuata faili, haifuati watu.

Haikuanza hivyo, na hapa ndipo ninapogombana nao. Jeshi lote la akiba la nchi kavu la Marekani limetokana na madaktari. Tarehe 23 Aprili 1908 Bunge lao lilianzisha akiba ya matabibu, na maafisa wa kwanza walikuwa madaktari 160. Mizinga na malori vilikuja baadaye. Kisha mwaka 1915 George Crile, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Lakeside mjini Cleveland, alikwenda na wenzake kutibu majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia karibu na Paris, akarudi na wazo jepesi: usiokoteze madaktari vita vikishapiga hodi. Chukua hospitali nzima ya raia, ipange wakati wa amani, madaktari wake, wauguzi wake, makarani wake, na siku ikiitwa iondoke pamoja.

Ikawa hivyo. Hospitali za namna hiyo zilipewa nambari, lakini kila nambari ilikuwa na mji nyuma yake. Nambari 4 ni Lakeside ya Cleveland, nambari 5 Harvard ya Boston, nambari 10 Philadelphia, nambari 21 St. Louis. Lakeside ilishuka Liverpool tarehe 18 Mei 1917, kikosi cha kwanza cha jeshi la Marekani kufika Ulaya katika vita ile. Jenerali Pershing mwenyewe, kamanda wa majeshi ya Marekani huko Ulaya, alifika wiki tatu baadaye. Kabla Mei haijaisha walikuwa Rouen, Ufaransa, wamekabidhiwa hospitali ya Waingereza iliyojaa majeruhi. Hakuna aliyehitaji kujulishwa kwa mwenzake. Aliyezoea kushika taa Cleveland alishika taa Rouen.

Binamu yangu aliniambia jambo ambalo asiyefanya kazi hiyo hawezi kulibuni. Mpasuaji mliyezoeana hasemi. Ananyoosha kiganja tu, nawe kwa jinsi vidole vilivyokaa unajua anataka mkasi au koleo. Mpasuaji mgeni inabidi aseme kila kitu, na kila neno ni sekunde, na damu haingoji sekunde. Kwenye hospitali ya uwanjani ya siku hizi, yenye vitanda 32 tu na vitengo vingine vya kuongezwa kadiri ya haja, sekunde hizo ndizo mali.

Sasa msikie alivyopelekwa ng'ambo. Kikosi chake hakikwenda. Kikosi kingine kilipungukiwa watu, majina yakachomolewa huku na huko, lake likiwemo, akajikuta hemani na watu ambao hakuwahi kufunga nao hata bandeji moja. Madaktari wa akiba wenyewe kwa kawaida hukaa siku 90 tu kisha hubadilishwa, ili kliniki zao za raia huko kwao zisifilisike. Basi vile vidole alivyoanza kuvizoea viliondoka, vikaja vingine. Begani, wote walikuwa na nembo moja.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua hali ya jina kubaki na watu kutoonekana. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kwa kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, cha vita hiyohiyo ya kwanza. Leo tunanunua nyanya ndani ya jina lao.

Najua nitakavyojibiwa. Ukichukua hospitali nzima ya mji mmoja, mji huo utatibiwa na nani? Swali hilo halikuwa la nadharia mwaka 2020, korona ilipopamba moto. Jeshi liliunda vikosi kazi vya tiba vya watu 85 kila kimoja kutoka akiba na kuvipeleka New York na miji mingine, na ilibidi kwanza waulizane nani tayari yuko wodini kwao akihudumia wagonjwa haohao. Daktari wa akiba ni mtu mmoja anayehesabiwa mara mbili. Na kuna hoja iliyo nzito zaidi: ukiweka watu wa mji mmoja mahali pamoja, bomu moja linatosha kuuvisha mji mzima matanga. Usiku wa tarehe 4 Septemba 1917 ndege ya Wajerumani iliangusha mabomu juu ya hospitali nambari 5, ile ya Harvard, kule Camiers, Ufaransa. Alikufa Luteni William Fitzsimons, daktari wa akiba, pamoja na askari wa kawaida watatu.

Hoja hizo nazikubali, ila bado sijashawishika. Si lazima iende hospitali nzima. Itoke timu moja ya upasuaji, watu ishirini hivi waliozoeana, kutoka hospitali moja, na beji yao iandikwe jina la hospitali hiyo kabla ya nambari. Nasaba iandikwe mahali wanapofanya kazi siku tano za wiki. Cheti kikionyesha kwamba watu wametawanywa, basi kionyeshe hivyo bila kuficha, tepe zibaki kwenye ukuta wa hospitali ya mji wao, zisifungwe kwenye mti wa bendera ya wageni.

Mwezi uliopita hospitali ya binamu yangu ilihamishiwa chini ya brigedi nyingine. Jumapili jioni alirudi, akavua buti, akabandua nembo ya kushoto na kufungua lile kopo la biskuti ambalo kila nyumba inalo na ambalo halijawahi kuwa na biskuti. Ndani mlikuwa na uzi mweusi, vifungo, sindano zilizochomwa kwenye kipande cha sabuni, na nembo mbili za zamani. Akaitupia hiyo ya tatu juu yake, akafunika, akaniuliza kama chai imebaki.