Hazadi maana yake si "naenda moja kwa moja"

Jumamosi iliyopita, pale kipilefti cha Mnara wa Saa, Moshi, sado nzima ya nyanya za mama ilimwagika ndani ya gari. Mpaka leo naziokota chini ya siti.

Nilikuwa nimesimama kuwasubiri waliokwisha kuingia kwenye mzunguko wapite, maana kipaumbele ni chao. Kulia kwangu ikaja gari aina ya Noah, taa ya kushoto inawaka na kuzima. Nikajua huyu anatoka mzungukoni kuingia barabara yangu. Nikaingia. Kumbe hatoki, anaendelea kuzunguka! Breki, honi, nyanya.

Kijana akashuka amefura. "Dada, huoni nimewasha hazadi? Naenda moja kwa moja!"

Mama akanitangulia: "Mwanangu, hapa ni duara. Moja kwa moja ndiyo wapi?"

Jamani, hili nani alitufundisha? Hazadi ni taa za hatari: gari limeharibika, limekwama, limesimama pabaya. Anayenyoosha haonyeshi chochote, basi. Mimi niliye pembeni naona ubavu mmoja tu wa gari lako, na ubavu huo una taa moja inayowaka na kuzima. Kwangu hiyo ni indiketa. Ile ya pili iko ng'ambo ya bodi, naionaje? Wa kushoto umemwambia unakata kushoto, wa kulia umemwambia unakata kulia. Umewadanganya wote kwa swichi moja, halafu unashuka kugomba. Na bodaboda aliyekuamini hatamwaga nyanya, atamwaga damu.

Haya, roli linalojikongoja kupanda Kitonga likiwasha hazadi, nakubali. Hata ile lugha ya madereva wa masafa, indiketa ya kulia usinipite, ya kushoto pita, nimeizoea, ingawa siku moja itaua mtu anayekata kulia kwelikweli.

Lakini mjini? Kilomita 50 kwa saa kila mtu anaijua, hata asiyejua kusoma kibao, kwa sababu kuna tochi ya trafiki ya kupima mwendo. Hazadi haina tochi. Wiki ya Nenda kwa Usalama ikifika tunabandikiwa stika kwenye kioo, tunapiga makofi, tunaondoka na hazadi zetu. Hata neno kipilefti lenyewe limetokana na kibao cha "keep left" kinachotuambia tushike kushoto, sisi tukadhani ni jina la mahali.

Kijana, ili kunikomesha, akatoa leseni. Daraja C, ile ya kubeba abiria, na herufi nyingine zimepangwa kama matokeo ya mtihani. Sikuwa na la kusema. Na mimi ninayo, ya daraja D. Nilipoihuisha nililipa elfu sabini, nikapewa miaka 5 mingine, na hakuna aliyeniuliza hata alama moja ya barabarani. Chuoni nilikojifunza udereva chati ya alama ilikuwa ukutani nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa, chati haionekani, na ulikuwa wazi siku zote kwa sababu ya joto. Kwa hiyo simcheki kijana peke yake.

Mama alimpa nyanya mbili zilizopona, akamwambia aende salama. Akashukuru, akapanda Noah yake, akatoka kushoto kuelekea stendi. Hazadi bado zinawaka.