Aliyekugonga Hana Bima: Nani Atalipa?

Nchini Marekani, karibu kila jimbo humlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine atakaowaumiza au kuwaharibia mali. Massachusetts ilitangulia kuweka sharti hilo kwa wenye magari wote, mwaka 1927, na leo New Hampshire ndiyo inayojulikana kwa kutolilazimisha. Hata hivyo, sharti kuwepo kwenye vitabu vya sheria ni jambo moja na kutimizwa barabarani ni jambo jingine. Taasisi ya utafiti ya Insurance Research Council ilikadiria kwamba mwaka 2022 takriban dereva mmoja kati ya saba nchini humo alikuwa akiendesha bila bima yoyote. Wapo walioshindwa kulipia mwezi uliofuata wakaacha bima ikatike, wapo waliofutiwa bima baada ya ajali kadhaa, na wapo ambao hawakuwahi kuikata kabisa. Kwa yule aliyegongwa, sababu hizo zote humfikisha mahali pamoja: ameumia, kosa si lake, na upande wa pili hakuna wa kumlipa.

Kundi la pili huzungumzwa kidogo, nami naliona kuwa la hatari zaidi kwa sababu limetimiza sheria kikamilifu. Hao ni madereva wenye bima isiyotosha. Katika jimbo la California, kiwango cha chini cha kumfidia mtu mmoja aliyeumia kilikuwa dola 15,000 tangu mwaka 1967, na kilipandishwa kuwa dola 30,000 tarehe 1 Januari 2025 tu. Kwa zaidi ya nusu karne, gharama za hospitali zilipanda mwaka hadi mwaka huku kikomo hicho kikibaki palepale. Florida imekwenda mbali zaidi: madereva wengi hawalazimiki kabisa kuwa na bima ya kufidia majeraha ya watu wengine, bali kila mmoja hutakiwa kuwa na dola 10,000 za kujitibu mwenyewe, pamoja na dola 10,000 za mali ya wengine atakayoiharibu. Usiku mmoja katika chumba cha wagonjwa mahututi, ukiongezwa upasuaji mmoja wa mfupa, unatosha kumaliza fedha za namna hiyo kabla mgonjwa hajaanza hata mazoezi ya kutembea.

Bima dhidi ya madereva wasio na bima, pamoja na ile ya wenye bima pungufu, ilibuniwa kuziba pengo hilo. Utaratibu wake ni kwamba kampuni yako mwenyewe ya bima hushika nafasi ya kampuni ambayo aliyekugonga alipaswa kuwa nayo, na kukulipa matibabu, mishahara uliyokosa na fidia ya maumivu, hadi kikomo ulichonunua. Kwa kawaida huhesabu pia dereva aliyegonga na kutoroka, na mara nyingi humlinda mwenye bima hata akigongwa anatembea kwa miguu au akiwa juu ya baiskeli. Baadhi ya majimbo, kama New York, hulazimisha kila hati ya bima iwe na ulinzi dhidi ya wasio na bima, na New Hampshire hiyohiyo isiyolazimisha bima huutaka uwemo kwa kila anayeamua kukata. Kwingineko, mara nyingi kampuni hutakiwa kuutoa, na mteja anaweza kuukataa kwa kusaini fomu.

Wapo wanaouliza kwa nini aliyeumia asimshtaki tu aliyemkosea. Anaweza, na pengine atashinda. Ugumu huanza baada ya hukumu. Mtu anayeshindwa kulipia bima kwa nadra huwa na nyumba ya pili au akiba ya kukamatwa. Huko Texas mshahara haukatwi kulipa hukumu ya kawaida ya madai, na chini ya sheria ya shirikisho ya kufilisika, deni linalotokana na uzembe wa kawaida barabarani linaweza kufutwa, ingawa si lile la kumuumiza mtu wakati dereva amelewa. Mwenye hukumu mkononi hubaki na karatasi, na wakili anayelijua hilo mapema mara nyingi hachukui kesi.

Pamoja na hayo, wanaopinga ulinzi huu wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni ya haki: kwa nini mtu anayelipa bima yake kila mwezi aongezewe malipo ili kuziba pengo la aliyevunja sheria? Uingereza ilichagua njia nyingine. Tangu mwaka 1946, Motor Insurers' Bureau huwalipa walioumizwa na madereva wasio na bima kwa fedha zinazochangwa na kampuni za bima, na bima ya lazima huko haina kikomo kwa majeraha ya mwili. Mfumo huo nauona bora, kwa sababu haumwachi aliyeumia ategemee kama alisaini fomu sahihi miaka mitatu iliyopita. Lakini gharama yake pia hatimaye hutoka kwa wenye bima, na dereva wa Marekani hawezi kuusubiri akiwa tayari yuko barabarani.

Hoja ya pili ni ya marudio. Mwenye bima nzuri ya afya na bima ya kupoteza uwezo wa kufanya kazi anaweza kuona analipia kitu kimoja mara mbili. Kuna ukweli hapo, ila si wote. Bima ya afya hulipa hospitali. Hailipi mshahara uliokosekana wala maumivu, na mara nyingi ina haki ya kurudishiwa fedha zake kutoka kwenye fidia yoyote utakayopata. Hoja ya tatu ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote: kampuni iliyokupokea kwa tabasamu ulipokata bima hugeuka mpinzani wako siku unapodai. Itahoji kama maumivu ya mgongo hayakuwepo kabla ya ajali, itapima uzembe wako, na katika baadhi ya majimbo itadai ushahidi kwamba gari lililotoroka liligusa lako kweli. Anayenunua bima hii na ajue kwamba ananunua haki ya kudai, na kudai kwenyewe kunaweza kuwa safari ndefu.

Kilicho muhimu zaidi ni kuelewa kikomo kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Tuseme fundi wa umeme amesimama kwenye taa nyekundu, anagongwa kwa nyuma, nyonga inavunjika, anakaa miezi minane bila kazi, na hasara yake yote inafika dola 180,000. Alinunua ulinzi wa dola 100,000 dhidi ya wenye bima pungufu. Ikiwa ni California, na aliyemgonga ana dola 30,000, kampuni ya fundi hupunguza hizo 30,000 kutoka kwenye kikomo chake na kumlipa 70,000. Jumla anapata 100,000. Ikiwa ni Pennsylvania, ambako kiwango cha chini ni dola 15,000, hupokea hizo kwanza, kisha 100,000 zinaweza kuongezwa juu yake. Na kama kule California alinunua kikomo cha dola 30,000 sawa na cha aliyemgonga, ulinzi huo haumpi hata senti.

Kwa hiyo, baada ya kupima pande zote, nauona ulinzi huu wa majeraha kuwa wa lazima kwa mwenye uwezo wa kuulipia, na kikomo chake kisiwe chini ya kile alichowanunulia wengine. Fungua ukurasa wa kwanza wa hati ya bima. Kuna mstari unaosema dola 100,000 kwa mtu mmoja na 300,000 kwa ajali nzima: hizo ni za watu utakaowaumiza wewe. Mistari michache chini yake, penye wasio na bima, huenda pameandikwa 25,000, au neno moja tu, kwamba umekataa. Mwenye hati ya 25,000 ameuthamini mwili wa mgeni mara nne ya mwili wake na wa watoto waliokaa kiti cha nyuma, na mara nyingi hakujua kuwa amefanya hivyo.

Ulinzi wa gari lenyewe dhidi ya wasio na bima si wa dharura kiasi hicho. Mwenye bima kubwa tayari gari lake litatengenezwa. Jambo la kutosahau kwenye majeraha ni idhini. Hati nyingi humtaka mwenye bima aijulishe kampuni yake na kupata kibali kabla ya kupokea malipo ya aliyemgonga, kwa sababu akisaini kumwachilia aliyemgonga asidaiwe tena, kampuni hupoteza haki ya kumfuata, nayo inaweza kukataa kulipa kilichosalia. Aliyelala kitandani akaletewa hundi pamoja na karatasi ya kusaini, simu ya kwanza aipige kwa kampuni yake mwenyewe, na kalamu isubiri hadi kibali hicho kije kwa maandishi.