Tillamook: Tazama Paa Kabla ya Ndege

Ukifika kwenye makumbusho ya ndege ya Tillamook, huko Oregon, Marekani, usikimbilie ndege. Inua macho kwanza. Makumbusho hayo yamo ndani ya Hanga B, banda kubwa la kuegeshea vyombo vya anga, iliyokamilika mwaka 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, na kwa maoni yangu hakuna ndege iliyoegeshwa humo inayoifikia hanga yenyewe kwa thamani.

Ni ya mbao. Chuma kilihitajika kwa meli na silaha, hivyo Jeshi la Wanamaji likatumia miti ya Douglas fir, inayostawi huko huko Oregon. Urefu ni mita 327 hivi, upana mita 90, na kimo kinakaribia mita 59. Simama katikati uyatazame matao: mbao zimepandana na kukazwa kwa boliti, zinapaa, zinajikunja taratibu, hadi jicho linazipoteza kwenye kiza cha juu. Ndege ya kivita, ambayo kwingine ingejaza chumba, humo unaweza kuipita bila kuiona.

Ukubwa wote huo haukuwa kwa ajili ya ndege. Hanga ilijengewa maputo ya doria yenye injini, ya aina ya K, yaliyojazwa heliamu. Moja lilikuwa na urefu wa mita 77 hivi, na manane yalienea humo. Yalielea juu ya Pasifiki yakisaka nyambizi za Japani na kusindikiza misafara ya meli. Ukishajua hayo, ule uwazi ulio juu ya kichwa chako hauonekani tena kuwa mtupu. Unaanza kuyapanga maputo humo mwenyewe.

Ndiyo maana inaniuma kuona wageni wakipiga picha za chumba cha rubani na usukani, kisha wakaondoka. Mwaka 2014 sehemu kubwa ya ndege za kale zilizokuwa humo zilihamishiwa Madras, mji mwingine wa Oregon. Ndege huhamishika. Hanga haihamishiki, na mbao haziogopi vita tu: pacha wake, Hanga A, iliteketea kwa moto mwaka 1992 ikiwa imehifadhiwa nyasi kavu.

Pwani ile ina mvua na upepo mkali. Kama pesa hazitoshi kwa yote mawili, rangi ya ndege isubiri, paa litengenezwe kwanza.