Kamba, Kitasa na Ndoo ya Mama wa Usafi

Mwanafunzi wa kemia ukimwambia leo tunaanza mekanika ya kwanta, fizikia ya vitu vidogo mno kama elektroni, anakutazama kama umemletea barua ya madeni. Alikuja kuchanganya dawa kwenye chupa. Wewe unamtwika mlinganyo wa Schrödinger wa 1926, unaoichukulia elektroni kama wimbi, eti amtafutie elektroni nyumba ndani ya boksi lisiloonekana.

Basi nikaja na kamba ya kuanikia nguo. Ncha moja nikaifunga kwenye kitasa cha mlango wa ukumbi, ya pili nikaizungushia mkononi, nikasimama ukingoni mwa jukwaa. "Kitasa ndio ukuta wa boksi," nikatangaza. "Hapo wimbi ni sifuri. Hapapiti kitu."

Nikatikisa taratibu: nundu moja, safi kabisa. Nikaongeza kasi: nundu mbili, katikati pametulia tuli. Ukitikisa kasi isiyo hii wala ile, kamba inahangaika tu, haishiki umbo. Boksi huchagua mawimbi yake. Tofauti ni bei: kwa nundu mbili kamba inataka mitikisiko maradufu, elektroni inadai nishati mara nne, kwa tatu, mara tisa.

Kijana wa viti vya nyuma, yule asiyekosekana kila mwaka, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama pale katikati elektroni haionekani kabisa, inavukaje kwenda upande wa pili?"

Swali limezidi mshahara wangu. Nikamwambia haivuki, ni wimbi, liko pande zote mbili kwa mpigo. Ili aone vizuri, nikapandisha hadi nundu tatu.

Mlango ule hufungukia nje. Mama wa usafi, ambaye saa zake za kupiga deki hazijawahi kujali ratiba ya idara, akauvuta kwa nguvu zote, maana alihisi kuna mtu anaushikilia. Kamba ikakaza, mkono ukatangulia, mimi nikafuata. Jukwaa likaisha. Nikapita mbele ya safu ya kwanza na kiatu kimoja, nikatua kifudifudi kizingitini, kiwiliwili nje, miguu ndani, uso kwenye maji ya sabuni.

"Pole, baba," mama akasema, akiitazama kamba. "Kwani humu mnafuga mbuzi?"

Nyuma kule nikasikia: "Jamani, ukuta umepitika!"

Kwenye mtihani niliuliza wimbi huwaje ukuta wa boksi ukiwa na kimo chenye mwisho, si ule usiopitisha kitu. Mmoja akachora mlango, na nje yake mkia wa wimbi ukififia kidogo kidogo, umevaa kiatu kimoja. Kufifia kwenyewe kulikuwa sahihi. Nikampa alama zote.